TV janja, TV ya kawaida, simu ya matangazo: wa Tanga anunue ipi?

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme pale Ngamiani uulize flati ya inchi 43. Utawekewa mbili mbele yako: moja janja, yenye YouTube na vikorokoro vyake vyote, na moja ya kawaida isiyojua intaneti ni kitu gani. Tofauti ya bei ni ndogo kiasi kwamba kuchukua ile ya kawaida kunaonekana ujinga. Ukimuuliza muuzaji imekuwaje chombo chenye mambo mengi kikaribiane bei na chenye machache, atakujibu kuwa teknolojia imeshuka bei. Hajakosea. Ila kasema nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoamua ununue ipi.

Nani kalipia punguzo?

Nusu ya kwanza ni kioo. Viwanda vya China hukata skrini nyingi kwa mpigo kutoka kwenye kioo kimoja kikubwa mno, vinashindana vyenyewe kwa vyenyewe, na skrini, ambayo ndiyo inayokula gharama kubwa ndani ya TV, inazidi kushuka bei. Hapo hakuna hila yoyote.

Nusu ya pili ni kwamba TV siku hizi haimalizi kuuzwa dukani. Inaendelea kumwingizia pesa mtengenezaji hata baada ya wewe kuipakia kwenye bajaji na kufika nayo Makorora. Kampuni ya Vizio ya Marekani ilitoa hesabu zake hadharani: katika robo ya tatu ya mwaka 2021, kuuza vifaa kuliipa faida ghafi ya dola milioni 25.6, huku matangazo na taarifa za watazamaji vikiipa dola milioni 57.3. Yaani TV ilikuwa mlango tu, biashara iko ndani. Mwaka 2019 mkuu wake wa teknolojia, Bill Baxter, alikwisha kueleza kuwa faida kwenye TV yenyewe ni kama asilimia 6, na kwamba wangeuza isiyo janja wangelazimika kupandisha bei kidogo ili kufidia. Kampuni hiyohiyo mwaka 2017 ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya serikali kuituhumu kwamba ilirekodi, sekunde kwa sekunde, kilichokuwa kikitazamwa kwenye TV milioni 11 bila wenyewe kuridhia. Pigia mwenyewe hesabu: ni senti 20 kwa kila TV. Mwishoni mwa 2024 Walmart ikainunua Vizio kwa dola bilioni 2.3.

Kama unataka kuona tangazo moja linapunguza bei kiasi gani, mfano ulio wazi zaidi hauko kwenye TV bali kwenye Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu. Mwaka 2011 kilitoka kwa bei mbili: dola 139 kisicho na matangazo, dola 114 chenye matangazo skrini inapolala. Kifaa ni kilekile, tofauti ni dola 25. Mwaka 2016 Amazon wakafanya hivyo kwa simu ya BLU R1 HD: dola 100 bila matangazo, dola 50 ukiyakubali. Nusu bei! Na mwaka 2023 kampuni iitwayo Telly ikatangaza kuwagawia Wamarekani TV ya inchi 55 bure kabisa, ikiwa na skrini ya pili chini yake ya kuonyesha matangazo, ambayo mwenye nyumba haruhusiwi kuizuia.

Jicho la mtu wa Tanga lina bei gani?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kuwa sote tunafaidi punguzo hilo sawasawa. Mtangazaji halipii jicho tu, analipia jicho lenye pesa. Katika robo ya mwisho ya mwaka 2023 Facebook ilipata zaidi ya dola 68 kwa wastani kutoka kwa kila mtumiaji wa Marekani na Kanada. Kwenye kundi ambamo Afrika imewekwa, haikufika dola 6. Roku, wanaotengeneza vifaa na mfumo wa TV janja na kukubali hata kuuza vifaa hivyo kwa hasara, wamekuwa wakipata kama dola 40 kwa mwaka kwa kila mteja, na wateja wao wengi wako Marekani.

Sasa mtengenezaji anayejua kuwa mtazamaji wa Chumbageni atamwingizia senti chache hana sababu ya kumpunguzia dola 50 dukani. Ndiyo maana nasema punguzo unaloliona Ngamiani limetoka kwenye kioo zaidi kuliko kwenye matangazo. Lakini programu iliyomo ndani ya TV haikuandikwa upya kwa ajili yetu. Ni ileile, na ufuatiliaji wake ni uleule. Mmarekani kafuatiliwa, kapunguziwa. Sisi tumefuatiliwa, tukapunguziwa kiduchu, halafu tukaongezewa gharama ambayo yeye mwenye intaneti ya mwezi mzima isiyopimwa haijui. Gharama hiyo ni bando.

Hebu tupige hesabu. Netflix wenyewe wanasema video ya ubora wa kawaida inaweza kula hadi GB 1 kwa saa, na ya ubora wa juu hadi GB 3. Tangazo la nusu dakika basi ni kati ya MB 8 na MB 25. Matangazo kumi kwa usiku, ambayo si mengi kwa nyumba yenye watoto wanaoangalia katuni YouTube, ni kati ya MB 80 na MB 250. Kwa mwezi ni kati ya GB 2.5 na GB 7.5. Chukua bei ya GB moja kwenye bando unalonunua wewe, zidisha, kisha zidisha tena kwa miezi utakayokaa na TV hiyo. Wengi watagundua kuwa tofauti ya bei waliyoikimbilia dukani imekwisha kuliwa kabla mwaka haujaisha, na hapo sijagusa masasisho yanayojipakua yenyewe.

TV: njia mbili, na ya tatu ambayo muuzaji hakwambii

Tuanze na TV ya kawaida yenye king'amuzi. Hii haikufuatilii kwa sababu haina njia ya kupeleka habari. Haizeeki upesi pia: haina programu ya kupitwa na wakati, haigandi. Kama haja yako ni taarifa ya habari, tamthilia na kuitazama Coastal Union siku usiyoweza kufika Mkwakwani, king'amuzi kinatosha na TV janja haikuongezei kitu. Ubaya wake ni kwamba kadiri skrini inavyokuwa kubwa ndivyo za kawaida zinavyoadimika. Ukitaka inchi 32 utapata za kuchagua. Ukitaka 55, utazunguka hadi jua lizame.

Kwa upande wa pili kuna TV janja iliyounganishwa na waifai. Hii inafaa nyumba yenye intaneti isiyopimwa kwa GB, au kijana anayeishi kwa filamu za mtandaoni. Lakini ujue unachoingiza sebuleni. TV nyingi za aina hii zina kitu kinachopiga picha ndogondogo za kile kilicho kwenye skrini, kuzigeuza kuwa alama, na kuzipeleka kwa mtengenezaji ili zilinganishwe na maktaba ya vipindi ijulikane unaangalia nini. Watafiti wa vyuo vya Uingereza, Hispania na Marekani walizipima TV za Samsung na LG na kutoa matokeo mwaka 2024. Waliona LG ikichukua alama kila baada ya milisekunde 10 na Samsung kila baada ya milisekunde 500. Kilichonishtua mimi si kasi, ni hiki: kazi hiyo iliendelea hata TV ilipotumika kama skrini tu, picha ikitoka kwenye kifaa kingine kwa waya wa HDMI. Maana yake king'amuzi chako, deki yako, hata kompyuta uliyochomeka uonyeshe picha za harusi, vyote vimo.

Habari njema ni kwamba watafiti haohao waliona mawasiliano hayo yakikoma mtu akikataa kwenye mipangilio. Kwa LG tafuta kitu kinachoitwa Live Plus ukizime. Kwa Samsung kinaitwa Viewing Information Services. Kimefichwa ndani kweli, kwenye kurasa za masharti ambazo wengi wetu tulizipita kwa kubonyeza "kubali" mara nne mfululizo.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda: nunua TV janja, kwa kuwa ndiyo yenye skrini nzuri na chaguo pana, halafu usiipe intaneti. Ukiiwasha mara ya kwanza itaomba waifai. Iruke. Zile zinazotumia Google TV zina chaguo kabisa, wakati wa kuiwasha mara ya kwanza, la kuitumia kama TV ya kawaida. Nimewahi kusikia mabishano ya mama mmoja na muuzaji juu ya jambo hili.

"Shangazi, sasa unanunua smart halafu huiunganishi, si umetupa hela?"

"Mwanangu, nimenunua kioo. Hayo mengine mmenitilia wenyewe."

Shangazi ana haki. Isipounganishwa haina njia ya kupeleka habari nje, haivuti matangazo, na punguzo lolote lililotiwa humo kwa kutarajia mapato ya baadaye umelichukua bila kulilipa. Siku mtoto akitaka katuni, pakua kwenye flashi au iunganishe na simu kwa muda, kisha itenganishe. Kwa bei ya bando zetu, sioni hoja ya kuishinda hiyo.

Simu: hapa ujanja wa shangazi haufanyi kazi

Simu huwezi kuinyima intaneti. Ukiinyima umebaki na kitochi cha bei ghali. Kwa hiyo hesabu inageuka, na ushauri wangu unageuka nao.

Simu mpya za bei ya chini zinazojaa kwenye makabati ya maduka yetu, Tecno, Infinix, itel, Xiaomi na wenzao, zinauzwa kwa faida nyembamba. Hilo si uzushi: mwaka 2018 bosi wa Xiaomi, Lei Jun, aliahidi kuwa faida halisi kwenye vifaa haitazidi asilimia 5. Upande wa huduma za mtandaoni, yaani matangazo, michezo na mengineyo, faida ghafi ya kampuni hiyo katika miaka ya karibuni imevuka asilimia 70. Ukiyaweka hayo mawili pamoja utaelewa kwa nini simu mpya kabisa, uliyoitoa kwenye boksi sasa hivi, ina programu ambazo hukuziomba, duka la programu la pili mbali na lile la Google, na arifa za kukualika kwenye michezo ya kubahatisha saa tano usiku.

Gharama yake iko sehemu tatu. Bando, kama tulivyohesabu. Nafasi: kwenye simu yenye hifadhi ndogo, programu za kulazimishwa zikishachukua sehemu yao, picha za mwanao ndizo zitakazofutwa. Na taarifa zako. Utafiti wa mwaka 2019 uliochunguza simu za Android za watengenezaji zaidi ya 200 ulionyesha programu zinazowekwa kiwandani zikifikia taarifa za mtumiaji kwa ruhusa ambazo hakuwahi kuulizwa, na wahusika wake wakiwa mlolongo wa kampuni ambazo mnunuzi hazijui hata majina. Mlolongo huo ukiwa mrefu, mwizi anapata pa kupenya. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kuwa simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika zilikutwa na programu hasidi iliyomwandikisha mtu kwenye huduma za kulipia bila kujua, salio likiyeyuka. Wenye Tecno walisema tatizo lilitoka kwa mmoja wa wanaowahudumia na kwamba walitoa marekebisho.

Ukiwa na pesa ya simu mpya ya namna hiyo, mbadala wake halisi hapa Tanga ni simu iliyotumika ya daraja la juu, zile zinazoingia kutoka Dubai kupitia Zanzibar au Kariakoo. Kwa pesa ileile unapata kamera bora, kasi zaidi, na takataka chache za kiwandani. Betri ndiyo bahati nasibu, pamoja na muda uliobaki wa masasisho ya usalama. Uliza simu ilitoka mwaka gani, usiulize tu GB. Pixel 8, iliyotoka 2023, iliahidiwa miaka saba ya masasisho, hivyo hata ikitumika miwili bado ina umri. Simu kongwe iliyoachwa na mtengenezaji wake nisingeichukua hata kwa nusu bei, hasa kama M-Pesa yako imo humo.

Msidhani lakini kwamba ghali maana yake safi. Pixel ni ya Google, na Google ni kampuni ya matangazo kuliko kitu kingine chochote. iPhone nayo, inayojisifu kwa faragha, ina mkono wake: kwenye kesi ya Marekani dhidi ya Google ilifichuka kuwa mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iendelee kuwa mashine ya kutafutia ndani ya Safari, kivinjari cha iPhone. Hata hivyo Apple ilipoweka, Aprili 2021, kile kidirisha cha kuuliza kama unaruhusu programu ikufuatilie, Meta, wenye Facebook, ilikadiria kupoteza dola bilioni 10 za mapato ya 2022. Bonyezo moja la "hapana", likibonyezwa na wengi, lina bei hiyo. Kwenye Android nenda kwenye mipangilio, Google, matangazo, ufute kitambulisho cha matangazo. Ni dakika moja, na ni bure.

Basi kama nina pesa ya kuongeza sehemu moja tu, siiongezi kwenye TV. Naokoa kwenye TV, kwa kuwa nikitaka naifungia njia, na naipeleka kwenye simu. Asiyeweza kuongeza achukue simu mpya ya bei ya chini bila kujilaumu, ila siku ya kwanza aketi nayo: azime arifa za lile duka la pili, azime programu ambazo hazifutiki, afute kitambulisho. Na kwa mzee ambaye haja yake ni kupiga, kupokea na kutoa pesa, kiswaswadu kinaishinda simu yoyote niliyoitaja.

Simu za mkopo ni mnyama mwingine. Kianzio ni kidogo, unalipa kila siku, na ndani kuna programu ya kuifunga simu ukichelewa. Hapa ufuatiliaji haushushi bei hata kidogo. Jumla utakayolipa ni kubwa kuliko ya taslimu. Unachokifanya ufuatiliaji ni kumpa mkopeshaji ujasiri wa kukuamini. Kwa mtu wa bodaboda ambaye simu ndiyo inayomletea abiria, si mpango mbaya. Soma tu mkataba unasema nini juu ya taarifa zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023, Tume yake ipo, na mkopeshaji aliye hapahapa nchini ni rahisi kumfikia kuliko seva iliyo ng'ambo.

Boksi la Android: usinunue lolote lile

Kuna njia ya mkato: kuacha TV janja, kuchukua ya kawaida na kuchomeka kijiboksi cha Android cha bei ya kutupa kinachodai kuonyesha chaneli zote duniani bure. Hapa silinganishi, nakataza. Juni 2025 FBI ilitoa onyo kuhusu BadBox 2.0, mtandao wa vifaa vilivyoingiliwa, vingi vikiwa maboksi ya namna hii yaliyotengenezwa China bila ithibati ya Google, mengine yakiwa yameambukizwa kabla hata ya kumfikia mnunuzi. Mwezi uliofuata Google ikawashtaki waendeshaji wake, ikisema vifaa vimevuka milioni 10. Boksi linabofya matangazo kwa siri kwa niaba ya matapeli, na linawakodishia wengine intaneti yako wafanyie mambo yao kwa anwani yako. Bando linaisha na hujaangalia kitu. Ukitaka boksi, chukua lenye ithibati, hata kama bei yake ni mara mbili au tatu.

Kabla hujatoa hela

Kwa simu, mpya au iliyotumika, bonyeza *#06# papo hapo dukani upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone kama ni halisi. Tangu Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia, anayekwambia "hiyo haina haja" unajua anachouza. Kwa TV iliyotumika, mwambie airejeshe kwenye hali ya kiwandani mbele yako. Akaunti ya mwenye mali wa zamani ikibaki humo, wewe utalipia bando la kumfuatilia mtu aliyeko Sharjah, na watoto wako wataletewa matangazo ya kwao. Kwa TV mpya janja, mwombe muuzaji aiwashe, aruke hatua ya waifai, achomeke king'amuzi chake cha dukani kwa HDMI. Isiyokubali kufanya kazi mpaka ipewe intaneti, mrudishie aiweke kabatini.